Themanini na Saba

Swali la sita lilikuwa jepesi, la kuwapa moyo:
Maji huchemka kwenye nyuzi ngapi?
Ishirini na wawili waliandika mia.
Sabina Huaylla akaandika themanini na saba
kwa penseli fupi kama kidole gumba,
nami nikampiga mkasi mwekundu,
huku chai yangu pembeni ikipoa upesi
kama kila chai niliyoinywa huku tangu Februari.

Mimi ni mtu wa bondeni, wa Santa Cruz,
wa joto na miwa.
Barua ya wizara ndiyo iliyonipandisha hadi nyanda za Oruro,
kichwa kikinigonga wiki mbili mfululizo,
pamoja na sanduku la vitabu
vilivyochapwa mahali ambapo mia ni mia.

Sabina hakubisha.
Aliikunja karatasi mara nne, akaitumbukiza kwenye soksi.
Kesho yake akaja na soksi ile ile,
na ndani yake kipimajoto cha shangazi Domitila,
kile cha kutengenezea jibini,
chenye uzi wa sufu shingoni
na harufu ya maziwa isiyokubali sabuni.
"Shangazi anakihitaji saa nne."
Hotuba yake yote ndiyo hiyo.

Tukalibeba birika hadi nyuma ya choo,
pale ukuta unapouzuia upepo,
tukawasha samadi kavu ya lama.
Tukachutama, watu ishirini na wanne,
machozi ya moshi yakitutoka bila msiba.
Mstari ukapanda. Sabini.
Themanini.
Viputo vikanong'ona, vikabishana, vikafoka,
themanini na saba,
ukasimama.
Tukaongeza samadi. Mfuniko ukacheza,
maji yakamwagika, yakauchapa moto,
mstari haukusogea hata unywele.
Niliusubiri kama mtu anayesubiri basi
lililokwisha kupita.

"Labda kimeharibika," nilisema mimi, msomi.

Eleuterio, ambaye hajanyoosha mkono tangu nifike,
alisema bila kuunyoosha:
"Ndiyo maana maharage ya bibi hulala jikoni."
"Ya mjomba, kule mgodini juu," akadakia mwingine,
"hayaivi kabisa, huchoka tu."
Wakacheka. Kisha likaja swali,
sijui kutoka kinywa gani:
"Mwalimu, kwani huko kwenu
nani anayakandamiza?"

Miaka tisa nimefundisha kanieneo ya hewa.
Nimeichora kwa mishale ya chaki inayoelekea chini,
wakainakili mishale, wakaipaka rangi,
wengine wakaipamba kwa manyoya.
Hakuna aliyewahi kuuliza mishale hiyo
inamchoma nani.
Siku hiyo sikuchora kitu.
Tuliinua nyuso, tukalitazama anga lao
la buluu inayouma macho,
na kwa mara ya kwanza nikaona
jinsi lilivyo dogo juu ya vichwa vyetu,
na jinsi lile la nyumbani,
ambalo nilidhani halina uzito,
lilivyonikalia begani utoto wangu wote.

Wino mwekundu haufutiki.
Niliandika kando yake, kwa herufi ndogo:
*Sahihi. Mwalimu alikuwa bado bondeni.*
Wale ishirini na wawili sikuwanyang'anya alama.
Walikuwa wamenijibu mimi.
Sabina aliyajibu maji.

Novemba utakuja mtihani wa wizara, nao utataka mia.
Sikuwaficha.
Andikeni mia, nimewaambia,
na pakibaki nafasi kwenye mstari
andikeni mnaishi wapi.
Sijui kama ni ushauri mzuri.
Bado nauguza neno hilo usiku,
nikiwa na maharage motoni tangu alasiri.

Ilipokaribia saa nne
Sabina alikipangusa kipimajoto kwa pindo la sketi,
akakirudisha kwenye soksi,
akatimua mbio kuvuka uwanja bila kuomba ruhusa.
Maziwa hayasubiri kengele.