Shati la Mlinzi

Limi wa vipodozi, studioni Kirumba,
aliniambia: "Mistari itacheza kwenye kioo. Vua."
Nikaazima shati la mlinzi.
"Kitabu kishike kifuani, vidole visizibe jina.
Litaje mara tatu.
Usiitazame kamera, mtazame Masalu,
hata kama hajakisoma."

Kweli, hakuwa amekisoma.
"Umeandika nini?"

Jina likanitoka. Nikasema
mama alianika dagaa Igombe,
akahesabu wadeni kwa vijiwe pindoni mwa kanga;
kimoja bado ninacho.
Nikakitoa. Kitabu kikabaki magotini, kifudifudi.

"Umeniangusha," Limi alisema, akinifuta poda.

Asubuhi yake, Mwaloni,
mchuuzi mmoja akanidaka mkono, magamba vidoleni:
"Wewe wa kijiwe!
Hicho kitabu
kinaitwaje?"