Msomaji Tu

Chama chetu cha msingi, hapa Mahuta, kina chumba kimoja chenye feni,
na feni ni ya kompyuta, si yangu.
Mimi ndiye msimamizi wa mfumo. Wananiita Dada Funguo,
ingawa sina hata ufunguo mmoja wa chuma;
mlango wenyewe tunaufunga kwa kamba ya katani.

Kazi yangu ni kugawa milango isiyoonekana.
Mpima mizani aandike kilo, asiguse bei.
Mhasibu aone bei, asiguse kilo.
Mkulima akibonyeza namba yake kwenye kitochi
aone magunia yake tu,
ya shemejiye asiyaone, hata kama mashamba yamepakana.
Mwenyekiti aone yote
na asibadilishe kitu.

Hapo ndipo tuliponuniana miezi miwili.
"Mimi, mwenyekiti, niwe mtazamaji? Kwani niko mpirani?"
Nikamjibu: naam, mheshimiwa, na umekaa jukwaa kuu.

Haya sikuyapata kwenye semina ya Mtwara mjini,
tulikokula wali kuku tukapewa vyeti.
Niliyapata kwa bibi yangu Nambunga, kungwi,
aliyetuweka ndani mwezi wa saba, umande mzito,
na kila swali letu akalipima kwanza:
hili la mwali,
hili la aliyekwisha kuzaa,
hili, mwanangu, hata mama yako hajaambiwa.
Hakuwa bahili wa maneno.
Korosho ukiing'ata na ganda lake bichi, alisema,
utakuja kunionyesha midomo.

Basi. Kulikuwa na karani, Hashimu Mnali,
aliyenifundisha kazi kwa kidole kimoja,
akafa Machi, mikorosho ikiwa majani matupu.
Oktoba, mnada wa kwanza, napitia kumbukumbu za usiku:
*Mnali ameingia.* Saa nane na dakika kumi.
Kilo mia tisa na arobaini, daraja la kwanza,
kwa jina la mtu asiye na mkorosho hata wa kukwepea jua.

Nywele zilinisimama. Nilisoma Ayatul Kursi mara tatu.
Kisha nikatazama vizuri.
Jina la mkulima limeanza kwa herufi kubwa,
na marehemu, Mungu amrehemu, hadi anakufa
hakujua kitufe cha herufi kubwa kiko wapi.

Kosa lilikuwa langu.
Tulimzika, tukamsomea hitima, tukagawana shati zake,
baiskeli ikaenda kwa mpwawe kama ilivyo desturi,
ila jina lake nililiacha wazi,
na neno lake la siri lilikuwa jina la mbuzi wake,
na mbuzi huyo alikuwa akimwita kila magharibi
Mahuta nzima ikisikia.

Ni nani aliyeingia? Sitakwambia.
Taarifa nimewapa wanaohusika,
nawe kwa hili huna ruhusa.

Baadaye, peke yangu, nikaligusa jina lake.
Mfumo ukauliza, kwa adabu ya mashine:
*Ufute mtumiaji huyu? Akifutwa hatarudi.*
Nje vijana walikuwa wanashusha magunia, wanatukanana kwa mapenzi.
Nikasema, ngoja.

Niliondoa kuandika. Niliondoa kufuta.
Niliondoa kuidhinisha, alikokupenda kuliko vyote.
Neno la mbuzi nikalibadili kwa herufi ishirini
ambazo hata mimi nimezisahau makusudi.
Kisanduku kimoja nikakiacha na alama yake ya vema:
kusoma.

Kanuni inataka afutwe. Naijua kanuni,
mimi ndiye niliyeiandika.

Ila kama huko aliko mtandao unashika,
na aone tu, asiguse:
Somoe Nankoma, mjane wa Mnali, magunia manne,
yamepokelewa tarehe sita,
hajalipwa.