Mwimo wa Kushoto

Afisi ya utalii imenituma niandike
kurasa mbili kuhusu Ahero, za kuwapa wageni.
Historia fupi, wamesema. Kisha vivutio, vitano au sita.
Picha watapiga wenyewe, siku isiyo na tope.

Nimeanza na daraja, maana kila mtu huanza na daraja.
Chini yake Nyando inapita, rangi ya chai ya maziwa,
imebeba udongo wa milima ya Nandi,
shamba la mtu fulani asiyejua
kuwa limehamia kwetu.
Juu yake, saa kumi na moja alfajiri, tunapita sisi:
karani, muuguzi, fundi wa friji,
bawabu anayekwenda kupokea zamu.
Kisumu hutukopa kabla jua halijatoka
na kuturudisha usiku, tumechakaa pembeni kama noti.
Mchana mji ni wa watoto, wauza omena, na korongo.

Korongo nimewaandika. Wageni hupenda ndege.
Nimeandika na mashamba ya mpunga,
wapimaji walivyokuja na vigingi na kamba
wakaikata mbuga vipande vya mraba,
na nyanya yangu, Turfosa Nyagudi, akapewa namba.
Sikuandika kwamba alilima Sindano miaka thelathini,
akauza gunia zote, akala ugali.
Wala kwamba mimi, msimu wa mavuno, sikuiona shule:
nilikuwa juu ya kichanja
nawarushia kwerea matope na matusi.

Kisha nikafika dukani, lililokuwa la Jivraj
kabla halijawa letu.
Kwa nje si kitu: bati, tangazo la soda lililobabuka.
Lakini simama mlangoni, mgeni, inama kidogo,
tazama mwimo wa kushoto.
Hapo Jivraj alikwaruza kwa msumari mstari wa maji,
mvua ile ya kabla ya Uhuru,
akaandika tarehe kwa Kigujarati.
Hajabaki mtu hapa wa kuisoma.
Baba alipochukua duka aliendeleza, furiko kwa furiko,
na kwa kuwa msumari ulikuwa mkononi
akatupima na sisi, kwenye ubao uleule.
Sasa nani atatenganisha? Huu ni mto au ni Obiero?
Huu ni mimi, darasa la tatu,
au ni ile Aprili tuliyolala juu ya paa la kanisa
na mbuzi wa padri?

Mwaka mmoja niliuzidi mto kwa vidole viwili.
Nilitembea kifua mbele wiki nzima.
Mwaka uliofuata ukanipita, ukampita mama,
ukafika kwenye komeo la juu
ukasimama, kama mtu aliyesahau alichofuata,
ukarudi.
Mistari ya Obiero inakoma hapo.
Usidhani vibaya, mgeni:
yuko Mamboleo, kilimani, ghorofa ya nne.
Alisema amechoka kushindana na mto.

Mkubwa wangu, Bi. Rosebella, amesoma yote
akaufuta mwimo kwa kalamu nyekundu.
"Mgeni hasafiri kuja kutazama ubao."
Mahali pake ameandika: *machweo ya kupendeza.*
Sikubisha. Machweo tunayo kweli,
ingawa mimi huyakuta yamekwisha.

Usiku huu nimevuka daraja kwa miguu.
Kule Nandi kunanguruma; maji yameshaanza kunuka majani.
Binti yangu yuko mlangoni, hataki kulala,
amevua viatu, mgongo kwenye mwimo,
shingo ameinyoosha kuliko haki yake.
Shusha visigino, namwambia. Mwenzako hadanganyi.
Anashusha, nusu.
Napapasa juu ya rafu, nyuma ya viberiti,
natafuta msumari.