Mgawa Maji

Miaka thelathini na mitatu, hapa Kibosho, baba aligawa maji.
Alfajiri kwa akina Kiwia, adhuhuri kwa wajane wa bondeni,
jembe begani, udongo na magome ya mgomba,
akiziba hapa, akifungua pale,
mfongo ukamtii kama mbwa aliyelelewa nyumbani.

Sasa lango moja, jembamba kuliko kidole cha mtoto,
ndani ya shingo yake, limesahau zamu.
Funda la maji baridi aliloliomba kwa mkono
likaingia shamba lisilo lake.
Alipaliwa mpaka kucha zikageuka zambarau.

"Maji matupu, marufuku kwa sasa," alisema Kandida,
mtaalamu wa koo, hospitalini Moshi mjini.
"Si uadui. Maji yana mbio, koo linachelewa."

Asubuhi, kabla mlima haujajifunika, tunaanza.
Analala chali bila mto,
anainua kichwa tu, avitazame vidole vya miguu:
ya tisa inatetemeka, ya kumi ni mkopo.
Kisha ulimi kati ya meno, ameze hivyo hivyo
mate yake mwenyewe.
Kisha naweka vidole viwili kwenye kongomeo.
Likipanda, lishikilie, baba, lishikilie huko huko juu,
usiliachie –
linaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba.
Tena.

Siku nyingine hataki. Anaugeuzia ukuta uso,
mate yanachuruzika upande uliolala,
na mimi, Mungu anisamehe, nahesabu nauli ya kliniki
badala ya kuhesabu pumzi.

Meza, namwambia.
Anaigonga meza.
Tukacheka, mara ya kwanza tangu kiharusi,
yeye kwa nusu ya uso,
mpaka nikaogopa kicheko nacho kitampalia.

Mtori nauchuja mara mbili, usibaki uzi wa nyama.
Kijiko cha chai. Kidevu kifuani.
Meza kwa nguvu, kama kidonge cha kwinini.
Nusu bakuli, dakika arobaini na tano.
Mama alilishwa mtori huu huu aliponizaa;
baba ndiye aliyeupika, wanasema, akauunguza.

Wiki ya kumi na moja Kandida akaruhusu vijiko vitatu
vya maji.
"Ya mfongo," baba aliandika kwa mkono wa kushoto,
herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo.
Nikayachemsha, nikayapoza, nikaketi.
Kidevu chini.
Kongomeo likapanda,
likasimama,
likashuka.
Tukakisubiri kikohozi, wote wawili, kama mgeni msumbufu.
Nje mtu alikuwa akifungua zamu ya jioni,
maji yakasikika yakipita nyuma ya zizi.

Baba akainua vidole viwili.
Bado viwili.