Glasi Iliyojaa

Kidato cha pili, Uvinza, mwezi wa sita.
Maabara yetu ilikuwa mlango wenye kufuli
na ndani yake, tuliambiwa, mizani moja na nyuki.

Mwalimu Ntahondi akasoma Kiingereza kwenye daftari lake la njano,
mistari mitatu. Tukaiandika kama ilivyo, pamoja na makosa yake.
Kisha akalifunga.
"Sasa tuongee."
Akafungua leso, akatoa glasi ya chai ya mkewe.

Akaijaza maji, akaijaza
mpaka maji yakatuna mdomoni mwa glasi
na sisi mstari wa mbele tukabana pumzi.
"Imejaa?"
"Imejaaa!"
Akachota chumvi, chumvi yetu hii ya hapa,
ya kijivu kidogo, inayotuachia moshi kwenye nguo za baba zetu,
akaidondosha punje kwa punje kutoka ncha ya kijiko.
Kijiko cha kwanza: maji kimya.
Cha pili: Bukuru kapanda juu ya dawati.
Cha tatu,
na meza bado kavu.

"Imeenda wapi?"
Nje treni ya mizigo ilipiga honi, ikajibu kwa niaba yetu.

"Maji si kitu kimoja," akasema. "Ni chembe, chembe, chembe,
ndogo hata ukiziita vumbi umezitukuza.
Hazitulii. Zinasukumana kama ninyi kwenye foleni ya uji,
na kati yake pana nafasi.
Chumvi imeomba nafasi. Imepewa."

Nikanyoosha mkono, mimi ambaye sikuwa mtu wa kunyoosha mkono.
"Hiyo nafasi, mwalimu, ndani yake mna nini?"
"Hamna kitu."
"Hata hewa?"
"Hewa nayo ni chembe, Editha. Hamna kitu."
Darasa zima likacheka.
Mimi nililishika dawati kwa mikono miwili,
maana kama ni hivyo, basi na dawati,
basi na ukuta, na mwalimu, na mbavu zangu.

Kengele ilipolia akanimiminia maji yale kwenye chupa.
"Kayachemshe. Usiniamini mimi."

Nyumbani tulikuwa tisa, vyumba viwili.
Jioni ile wakashuka wa baba mdogo kutoka Nguruka,
watano, na kuku kikapuni.
Mama akasema karibuni kabla hajawahesabu.
Akasogeza debe, akakunjua mkeka wa akiba,
akatulaza kichwa kwa miguu, kichwa kwa miguu,
na usiku ule hakuna aliyemwagika nje.
Nilikesha, kisigino cha Sabina shavuni mwangu,
nikiitafuta ilikokuwa nafasi hii jana
tulipokuwa tunagombania shuka.

Hazitulii, alisema. Hazikutulia hadi jogoo.

Asubuhi baridi. Mawese yameganda chupani,
yameshikana kama watu waliosikia habari mbaya.
Mama akayaweka kizingitini penye jua.
Nikachutama kuyatazama yakiachiana,
kwanza pembeni, kisha katikati,
taratibu, bila aibu, mpaka yakakubali kumiminwa.

Ndipo nikaiba sufuria ndogo na mkaa vipande sita.
Maji yakachemka, yakapiga kelele, yakapungua,
yakaondoka kupitia dirishani bila kuaga.
Chini ikabaki chumvi, nyeupe, imeng'ang'ania,
kijiko kimoja na nusu.
Kingine na nusu nadhani nilikimwaga relini
nilipokuwa nakimbia.

"Huo mkaa wa nani?"

Nikaanza kumweleza: chembe, nafasi, hamna kitu.
Mama alinitazama kama mtu anayehesabu sahani.
Akachovya kidole sufuriani, akaonja.
"Chumvi," akasema,
kana kwamba mimi nilikuwa nimebisha,
akaikwangua yote, akaitia kwenye maharage
ya watu kumi na wanne.

Hayakutosha.
Tulikula.