Bei ya Theluji

Swali lilikuwa langu, nakiri.
Nililiuliza nikiwa na tai shingoni na chai ya benki mkononi:
"Na isipoanguka?"

Kanae Takizawa alifungua mdomo, akaufunga.
Daftari lake lilisema: paa moja, bei moja;
ikianguka tunapanda, tukishuka mnalipa.
Mashine moja nyekundu ya mtumba, ya kutapika theluji,
mabeleshi manne, kamba za kujifungia juu ya mapaa,
na binamu yake Shohei, aliyepunguzwa kazi kiwanda cha hariri.
Hiyo ndiyo kampuni nzima. Jina bado.

Ilikuwa Oktoba, Tokamachi, milima bado mikavu.
Mwaka juzi theluji ilichelewa hadi Januari;
mwaka jana ilizika mabango ya barabarani.
Nani akopeshe kwa dhamana ya wingu?

Akarudi baada ya wiki mbili. Ada ya msimu:
kila nyumba ilipe mapema, ianguke isianguke.
Shohei, nyuma yake, alinong'ona kwa sauti ya kusikika,
"Hii ni kamari."
"Kamari ni ile ya kwanza," akajibu bila kugeuka.
Lakini wazee kumi na tisa kati ya ishirini
walikuwa wamekwisha kutikisa vichwa.
Pensheni ni fupi, huwezi kuikatia msimu mzima.

Wa ishirini, Bi Tome, miaka themanini na sita,
hakukataa wala hakukubali. Alimmiminia chai, akasema:
"Theluji naijua tangu tumboni. Siiogopi.
Naogopa ile asubuhi nasukuma mlango, mlango hausukumiki,
simu inalia, ni mwanangu kutoka Osaka,
nami namwambia, kama kila siku, sijambo."

Kanae alisahau kunywa.
Usiku ule alifuta, akafuta, hadi karatasi ikatoboka.
Anayeteleza siye anayelipa!
Mwenye paa yuko hapa, mwenye hofu yuko Osaka,
na hofu haina msimu, hofu hulipa kila mwezi,
hata Agosti, jua likichoma.

Mara ya tatu hakuniletea theluji.
Aliniletea mlango:
kila asubuhi, kabla ya saa moja, uwe umefunguka,
na ujumbe uende kwa mwana: Mama ameamka. Njia iko wazi.
Kiangazi, magugu, balbu, mifereji ya paa.
Gharama: petroli, bima (watu huporomoka huko juu),
magoti ya Shohei.
Nyumba arubaini na moja, hapo ndipo tutapumua.
Na mpaka: dakika kumi na tano kutoka karakana, basi.
Aliuchora kwa bikari juu ya ramani.
Mkono haukutetemeka ila pale
duara lilipoiacha nyumba ya Bwana Hoshina, ng'ambo ya mto,
mwalimu wake wa darasa la pili.

Nikapiga mhuri.

Desemba, usiku mmoja tu, sentimita tisini.
Februari nikaomba hesabu, ndiyo kazi yangu.
Nyumba thelathini na nane. Bado tatu.
Safu zilikaa vizuri: mafuta, mishahara, beleshi lililovunjika,
halafu mstari uleule, kila Jumanne:
Hoshina, ng'ambo. Dakika sabini. Mapato, sifuri. Hasara.

Hakuuficha chini ya "mengineyo".
Aliuandika kwa wino, kwa herufi zilezile za mafuta,
kama mtu anayejua mali isiyoandikwa hupotelea wapi.

Kalamu yangu nyekundu ilikuwa wazi.
Nilikuwa na swali.
Nikalifunga pamoja na daftari,
nikamuuliza, hivi, kampuni inaitwaje?

"Bado," akasema, akivaa glavu.