Kidirisha cha Chumvi

Mlangoni tulivishwa soksi za kitambaa juu ya viatu,
kubwa, za kijani, kazi ya fundi asiyewahi kuona mguu.
"Sakafu ni ya mvule," akasema Musembi, mshika funguo,
"na mvule husikia."
Kerubo akaniangalia.
Mara ya kwanza tangu Machi ya mwaka juzi.

Julai, Parklands. Manyunyu yasiyoamua kuwa mvua.
Ghorofa kumi na nne za jirani zimelilalia jumba,
na shuka za watu, na sare za shule, zinaning'inia juu ya paa lake
kama bendera za nchi ambazo hazijapata uhuru.

Walikuwa ndugu wawili, wauza mbao, Nurali na Sadru.
Waligombana jumba likiwa bado msingi.
Kwa sababu gani? Musembi hajui. Kila mgeni humuuliza.
Hakuna aliyekubali kuuza nusu yake,
basi mafundi wakaambiwa: jengeni vyote, viwili viwili.

Ndiyo maana ngazi mbili zinapanda zikipeana mgongo.
Majiko mawili. Hodhi mbili za kuogea zenye miguu ya simba,
simba wa Sadru akikosa ukucha mmoja.
Saa mbili ukutani, ya Sadru mbele ya ya Nurali kwa dakika saba,
maana hata wakati hawakutaka kuutumia pamoja.
Unafungua mlango: matofali.
Unazunguka upande wa pili, unafungua mlango: matofali yale yale.

Kerubo ni fundi wa bomba, haamini hadithi.
Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama daktari.
"Bomba ni moja," akasema, si kwangu, kwa ukuta.
"Walijidanganya. Huku wakifungua, kule yanapungua."

"Sasa gawanyikeni," akasema Musembi. "Ndivyo ziara ilivyo.
Mtakutana huko juu, msipopotea."

Nikapanda ngazi ya Nurali peke yangu.
Niseme hapa, kwenye ngazi, ambapo hakuna anayenidai:
deni ni langu.
Alinikabidhi fedha za mashine yake ya kuzibua mitaro, nimwekee,
nami nikazinunulia kiwanja Kitengela
chenye wenyewe wanne.
Nikaacha kupokea simu. Nikahamia kanisa jingine.
Nilimwona sokoni siku moja, nikajificha nyuma ya magunia ya viazi
hadi muuzaji akaniuliza kama ni mgonjwa.
Kisha juzi, ujumbe: Nimelipia tiketi mbili. Jumamosi, saa tano.
Basi. Hata salamu hakuna.

Juu kabisa ujia unabana, ukuta wa kati unakufuata bega kwa bega,
na ndani ya ukuta kuna kidirisha, hakizidi ukubwa wa kitabu.
Ubao wake wa chini umelika katikati kama jiwe la kunolea.
"Hapo ndipo wake zao walipopitishiana chumvi!"
sauti ya Musembi ikapaa kutoka chini, imezoea.
"Wao hawakuwa wamegombana!"

Miaka mingapi ya vibakuli, hadi mvule ukubali kulika?

Uso wa Kerubo ukajaa kidirisha chote.
Kuna mvi moja ambayo sikuwahi kutambulishwa.
"Hicho kiwanja," akasema, "kina mtu?"
"Kina wanne."
Akacheka kwa pua, kicheko chake kile cha bomba lililoshika hewa,
kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa kusamehe.
"Dawa ya deni ni kulipa."
"Najua."
"Lakini dawa kali hainywewi na tumbo tupu."

Mkono wake ukapita palipolika,
vumbi la ukuta kwenye vifundo, kiganjani njugu karanga,
zenye joto la mfuko wa koti.

Chini, saa ya Sadru ikagonga adhuhuri.
Hatukuondoka. Tulisimama hapo, kila mtu na upande wake,
tukitafuna, tukisubiri ile nyingine.